Wembe wa Siku ya Saba: Usalama wa Mtoto Mchanga Anyolewapo Nywele za Kwanza

Miongoni mwa Waislamu wa mwambao wa Afrika Mashariki, mtoto akitimiza siku saba hupewa jina, huchinjiwa mnyama wa akika na hunyolewa nywele alizozaliwa nazo. Katika nyumba nyingi mambo hayo matatu hufanyika siku moja, mbele ya jamaa na majirani, na anayeshika wembe huwa ni babu, bibi, mwalimu wa chuoni au kinyozi wa mtaani. Familia nyingine huuchelewesha unyoaji hadi arobaini. Kwa desturi ya Wamasai, mama na mtoto huacha nywele zikue katika muda wa kukaa ndani baada ya uzazi, kisha wote wawili hunyolewa wakati mtoto anapopewa jina. Wahindu wanaoishi Dar es Salaam, Mombasa na Kampala nao wana ibada ya kunyoa iitwayo mundan, ambayo kwa kawaida hufanywa katika mwaka wa kwanza au wa tatu wa mtoto.

Mafunzo yanayotolewa kwa wazazi wanaotoka wodini huzungumzia kunyonyesha, kitovu, chanjo na uzazi wa mpango. Kunyoa husahaulika mara nyingi, pengine kwa sababu huonekana kuwa jambo la dini au la nyumbani lisilohusu hospitali. Hata hivyo, kwa watoto wengi huo ndio mguso wa kwanza wa chombo chenye makali baada ya kukatwa kitovu, na hufanyika nje ya macho ya mhudumu yeyote wa afya. Makala haya yanaeleza hatari zilizomo, namna ya kuziepuka bila kuivunja desturi, na jinsi mhudumu anavyoweza kulizungumza jambo hili na familia.

Desturi yenyewe

Kunyoa siku ya saba kunatokana na mapokeo ya Mtume Muhammad, ambaye inasimuliwa kuwa alimwelekeza binti yake Fatima amnyoe mwanawe Hasan na kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele zake. Uzito huo, kwa mujibu wa mapokeo, ulikuwa dirhamu moja au sehemu ya dirhamu. Dirhamu ya zama hizo ilikuwa na takribani gramu 3, kwa hiyo sadaka yenyewe haikuwa mzigo kwa mtu yeyote. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa mwambao, huuhesabu unyoaji huu kuwa sunna. Mtoto asiyenyolewa siku ya saba kwa udhuru anaweza kunyolewa baadaye, na jambo hilo lina faida kubwa kwa mhudumu wa afya, kama itakavyoonekana.

Mapokeo hayo yana jambo jingine linalofaa kukumbukwa. Kabla ya Uislamu, Waarabu walikuwa wakimpaka mtoto kichwani damu ya mnyama aliyechinjwa. Uislamu uliiondoa damu hiyo, na mahali pake pakawekwa zafarani. Anayewashauri wazazi wasipake chochote kichafu juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa hazungumzi lugha ngeni kwa wazee wa dini.

Mtoto wa wiki moja ana nini cha kujikinga?

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko ya mtu mzima na huchubuka kwa urahisi. Mchubuko usioonekana kwa jicho unatosha kuwa mlango wa bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya mnyoaji au ya mtoto mwenyewe. Kwa mtu mzima matokeo yake huwa ni vipele vichache. Kwa mtoto wa siku saba maambukizi ya ngozi huweza kuingia kwenye damu kwa muda mfupi, kwa kuwa kinga yake bado ni changa.

La pili ni damu. Watoto wote huzaliwa na akiba ndogo ya vitamini K, ambayo mwili huihitaji ili damu igande. Ndiyo sababu mtoto hudungwa sindano ya vitamini K mara baada ya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani, au aliyekosa sindano hiyo kwa sababu nyingine, yumo katika hatari ya kutokwa damu, na aina iliyo ya kawaida zaidi hutokea kati ya siku ya 2 na ya 7. Hivyo siku ya akika huangukia ukingoni mwa kipindi hicho. Mkato mdogo kichwani, ambao kwa mtoto mwingine ungekauka kwa dakika chache, unaweza kuendelea kuvuja. Pale ambapo mtoto wa kiume hutahiriwa katika juma hilohilo, hatari ya tohara ni kubwa zaidi kuliko ya wembe wa kichwani, na swali la vitamini K halina budi kuulizwa mapema.

La tatu ni joto. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu sehemu moja ya tano ya eneo lote la ngozi yake, ilhali kwa mtu mzima hakifikii hata sehemu moja ya kumi. Kichwa kilicholoweshwa, kikanyolewa na kuachwa wazi penye upepo hupoteza joto jingi. Mtoto aliyetimiza miezi yake huvumilia iwapo atafutwa na kuvishwa kofia mara moja. Mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2,500, hana mafuta ya kutosha mwilini ya kumpa joto. Huyo asinyolewe hadi aongezeke uzito na kunyonya vizuri, na akiwa katika huduma ya kangaruu kofia yake isiguswe kwa ajili ya sherehe.

La nne ni chanjo. Kwa ratiba ya Tanzania na ya Kenya, mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na ya polio baada ya kuzaliwa. Chanjo ya pentavalenti, ambayo ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda, huanza akiwa na wiki 6 na kurudiwa wiki ya 10 na ya 14. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dozi ya homa ya ini B itolewe ndani ya saa 24 za kwanza, lakini mtoto ambaye hakuipata hukaa zaidi ya mwezi mmoja bila kinga hiyo. Dhidi ya pepopunda hutegemea kinga aliyorithi kwa mama, ikiwa mama alichanjwa.

Wembe mmoja, vichwa viwili

Hatari iliyo kubwa kuliko zote katika unyoaji huu ni wembe uliokwisha kumnyoa mtu mwingine. Wembe mpya ukiwa mkononi mwa mtu makini ni chombo salama. Wembe wa babu, uliotunzwa kwenye kijaluba na kufutwa kwa kitambaa, hauaminiki, hata kama umewanyoa watoto wote wa ukoo na hakuna aliyeugua kwa namna iliyoonekana.

Maneno hayo ya mwisho yanahitaji mkazo, kwa kuwa ndiyo hoja inayotolewa daima nyumbani. Virusi vya homa ya ini B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa muda usiopungua siku 7, katika tone la damu lililokauka ambalo jicho haliwezi kuliona. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi hivyo. Kwa mtoto mchanga hali ni kinyume: takribani 9 kati ya 10 wanaoambukizwa katika uchanga hubaki na virusi maisha yao yote. Mtoto hatakuwa na homa wala manjano yatakayowashtua wazazi. Atakua, atasoma, ataoa au kuolewa, na huenda ini lake likaanza kusinyaa au kuota saratani akiwa na miaka 30 au 40. Wakati huo hakuna atakayekumbuka wembe wa siku ya saba.

Virusi vya Ukimwi hudhoofika haraka zaidi nje ya mwili, na uwezekano wa kuambukizwa kwa wembe mkavu ni mdogo. Hata hivyo damu mbichi ni jambo jingine. Pale ambapo mama na mtoto hunyolewa kwa mfuatano, au mapacha hunyolewa wakiwa wamepakatwa na shangazi wawili huku mnyoaji akihama kutoka kichwa hadi kichwa, muda kati ya mkato mmoja na mwingine huwa ni dakika tu.

Hapa pana mama ambaye mhudumu wa afya anapaswa kumfikiria kuliko wengine wote: anayeishi na virusi vya Ukimwi au homa ya ini B, na ambaye hajamwambia mtu yeyote nyumbani kwa mume. Wodini amefanya yote aliyoelekezwa. Ametumia dawa zake, mtoto amepewa dawa ya kinga, na kila siku huzificha chupa hizo nyuma ya sanduku la nguo. Siku ya sherehe mkwewe anamjia na wembe, na huo wembe ndio uliomkata yeye kucha asubuhi. Akikataa ataulizwa sababu. Akinyamaza, mtoto wake ataguswa na damu yake. Ushauri aliopewa faraghani hauwezi kumsaidia wakati huo, kwa kuwa hana namna ya kuutumia bila kujifichua.

Kinachoweza kumsaidia ni kanuni inayojulikana na kila mtu, iliyotangazwa kwa kila familia bila kuuliza hali ya yeyote: kila kichwa na wembe wake. Kanuni hiyo ikisemwa kwa mkwe, babu na kinyozi, mama hahitaji kusema lolote. Kuiambia familia yenye mgonjwa peke yake ni kosa la kitaalamu, kwa maana hugeuza ushauri kuwa tangazo la ugonjwa.

Namna ya kuizungumza

Wahudumu wachache hulipokea jambo hili kwa kukaripia: mtoto asinyolewe, mila zimepitwa na wakati. Matokeo yake ni kwamba mtoto hunyolewa vilevile, ila kliniki haiambiwi. Mazungumzo yafuatayo yametungwa kuwa kielelezo cha njia iliyo bora, siku mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

"Shikamoo, bibi. Hongereni kwa kupata mjukuu."

"Marahaba, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

"Akika mmeipanga lini?"

"Ijumaa, inshallah, babu yake akishafika kutoka Pemba."

"Na kichwa atanyoa nani?"

"Huyohuyo babu yake. Ndiye aliyewanyoa wote pale nyumbani, na wembe wake anao."

"Basi bibi, safari hii tunaomba mjukuu anunuliwe wembe mpya, ufunguliwe mbele yenu kutoka kwenye karatasi yake. Na mama yake, akitaka kukata kucha, awe na wake. Hivi ndivyo tunavyowaambia wote wanaojifungulia hapa."

Muuguzi hakuuliza kama mtoto atanyolewa; aliuliza lini na nani. Maswali hayo mawili humfikisha kwenye wembe bila kumdhalilisha mzee. Sentensi yake ya mwisho ndiyo inayomlinda mama. Maimamu na walimu wa vyuo wakishirikishwa, kanuni hufika mbali zaidi, hasa kwa familia zilizojifungulia nyumbani.

Jinsi ya kunyoa

Mtoto awe amenyonya na ametulia, bora akiwa amesinzia. Chumba kiwe na joto, bila feni wala upepo wa mlangoni. Mtu mmoja ampakate na kukishika kichwa, mwingine anyoe. Kumpakata mtoto na kumnyoa kwa wakati mmoja ndiko kunakoleta mikato mingi, na hadhara inayoimba na kupiga vigelegele haimsaidii mnyoaji. Ni vyema unyoaji ufanyike chumbani kwa utulivu, kisha mtoto atolewe kwa wageni.

Mnyoaji anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Nywele ndefu zipunguzwe kwanza kwa mkasi uliosafishwa, kisha kichwa kiloweshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Ngozi ivutwe taratibu kwa vidole, wembe ulazwe na kufuata uelekeo wa nywele bila kukandamizwa. Wembe ukianza kukwaruza, utupwe na kuchukuliwa mwingine mpya. Kupangusa wembe wa zamani kwa spiriti, kuupitisha juu ya mshumaa au kuumwagia maji ya moto hakuufanyi kuwa salama, na kwa bei ya wembe mpya hakuna sababu ya kubahatisha.

Wazazi wengi huuogopa utosi, yaani sehemu laini ya mbele ya kichwa ambamo mapigo huonekana. Sehemu hiyo imefunikwa kwa utando imara. Kuigusa, kuiosha na kuinyoa kwa mkono mwepesi hakuidhuru. Kwa kawaida hufunga mtoto akiwa na kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Kilicho muhimu ni kuitazama. Ikiwa imebonyea sana kwa mtoto anayeharisha au asiyenyonya, mwili umepungukiwa maji. Ikiwa imevimba na kukaza ilhali mtoto ametulia na ameketishwa wima, huenda ana homa ya uti wa mgongo, na mahali pake ni hospitali.

Usinyolewe kwanza mtoto mwenye uvimbe wa damu kichwani kutokana na uzazi mgumu au kuvutwa kwa kifaa, mwenye vidonda au usaha, mwenye manjano yanayozidi, au asiyenyonya vizuri. Magamba ya mafuta kichwani, ambayo kwa kawaida hujitokeza katika majuma ya mwanzo ya maisha, hayahitaji wembe. Hulainishwa kwa mafuta usiku na kuoshwa taratibu asubuhi.

Ukitokea mkato, ubanwe kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunuafunua. Jivu, dawa ya meno, majani yaliyotafunwa na mafuta ya taa visipakwe. Damu isiyokoma baada ya hapo ni sababu ya kwenda kituoni siku hiyohiyo, pamoja na kadi ya kliniki ili ionekane kama vitamini K ilitolewa. Liwa na manukato yasubiri siku chache hadi ngozi itulie. Wanja unaopakwa nyusi na macho ni bora uachwe kabisa, kwa kuwa aina nyingi za wanja wa jiwe zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Nywele zikishakusanywa na kupimwa zinaweza kuzikwa kama desturi itakavyo. Wembe utiwe kwenye kopo gumu na kutupwa chooni cha shimo. Usiachwe uani ambako watoto wakubwa huuokota.

Imani kuhusu nywele zitakazoota

Husemwa kwamba mtoto asiyenyolewa atakuwa na nywele hafifu. Vinyweleo vyote hujengwa tumboni, na baada ya kuzaliwa havizaliwi vipya. Wembe hukata kile kilicho juu ya ngozi na haufiki kwenye mzizi. Mwaka 1928 mtafiti wa Marekani Mildred Trotter alichunguza ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa, na hakuona zikiongezeka unene wala kasi ya kuota. Nywele iliyonyolewa huhisiwa ngumu kwa sababu ncha yake ya asili, iliyochongoka, imekatwa na kubaki butu. Anayenyoa kwa ajili ya sunna hana haja ya hoja ya nywele nzito, na anayenyoa kwa ajili ya nywele nzito anaweza kuacha.

Nywele za kuzaliwa hupukutika zenyewe katika miezi ya kwanza. Upara wa kisogoni kwa mtoto wa miezi miwili au mitatu huwatia hofu akina mama, lakini kwa sehemu kubwa ni mzunguko wa kawaida wa nywele za eneo hilo. Tofauti na hayo ni mtoto aliyekwisha anza kula ambaye nywele zake zinageuka nyekundu, nyepesi na kung'oka kwa urahisi, huku miguu ikivimba. Huyo ana dalili za unyafuzi. Wapo wazazi wanaomnyoa ili nywele mbaya ziondoke, na muuguzi akimwona juma lifuatalo dalili imekwisha fichwa. Kwa mtoto aliyenyolewa karibuni, mzazi aulizwe nywele zilikuwaje.

Baada ya sherehe

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mama na mtoto waonwe tena kati ya siku ya 7 na ya 14. Hudhurio hilo huja mara tu baada ya akika, na mhudumu amvue mtoto kofia, atazame kichwa chote pamoja na nyuma ya masikio. Vipele vichache vya usaha vinaweza kutibiwa kwa kusafishwa na dawa ya kupaka, na mzazi aelekezwe kurudi. Vipele vingi, wekundu unaosambaa au uvimbe wa ngozi vinahitaji matibabu ya haraka.

Mzazi apelekwe kujua dalili zisizosubiri kesho: mtoto kukataa kunyonya, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, joto chini ya nyuzi 35.5, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kulegea au kujongea pale tu anapoguswa, na degedege. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa kufungua kinywa, akakakamaa na kushtuka kila aguswapo au asikiapo kelele, achukuliwe kuwa ana pepopunda na apelekwe hospitali mara moja, akiwa amefunikwa na kuwekwa mbali na mwanga mkali na vishindo.